Togwa ya Kipaimara

Siku Oliva alipomwomba shangazi yake kinyesi, Shangazi Kunegunda alicheka mpaka akaketi chini.

"Yesu na Maria! Nimemlea tangu hajui kujifunga kanga, nikampandisha basi akasomee udaktari Dar es Salaam, leo karudi kuniomba mavi!" Akapaza sauti kuelekea ua wa jirani. "Mama Calvin! Njoo usikie elimu ya siku hizi!"

Hilda, mama yake Calvin, alikuja na unga mikononi. Wanawake wengine wa jumuiya yao ya kanisa waliokuwa wakitoka kisimani wakatua ndoo zao, wakacheka nao. Kilikuwa kicheko cha haja, maana wiki zile mtaa ule wa Matarawe ulikuwa umesahau kucheka. Oliva alisimama katikati yao na vikopo vyake vya plastiki, akiwaacha wacheke, sababu yake akiiweka moyoni.

"Ni mazoezi ya chuo tu," alisema. "Ninawahitaji watu wazima wenye afya."

"Mbona umetuchagua sisi tuliopika siku ya kipaimara?" Hilda aliuliza.

"Ndinyi mnaonicheka. Nani mwingine atanipa?"

Wakacheka tena, wakachukua vikopo. Mtu akipendwa mtaani hukubaliwa hata la aibu, na Oliva alikuwa mtoto wa mtaa mzima. Uongo aliowaambia ulikuwa mdogo, akajifariji kwamba haukuwa uongo kamili, kwa kuwa watu wazima wenye afya ndio hasa aliokuwa akiwatafuta.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye sherehe. Baada ya Askofu kuwapaka watoto mafuta ya kipaimara, jumuiya iliwafanyia karamu kwa Mzee Tadei, mwenyekiti wao. Pakaliwa wali, pakaliwa kuku, na togwa ikanywewa tangu mchana hadi jua linatua, kwa maana ilikuwa togwa ya Kunegunda. Siku zilizofuata watoto wakaanza kuanguka mmoja mmoja: homa isiyoshuka, kichwa kinachogonga, tumbo gumu, ulimi mweupe. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, zama za ruksa, kila mtu akiruhusiwa biashara, na maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona kama uyoga. Wazazi wengi walikimbilia huko, wakawapa watoto vidonge vya rangi mbili, viwili leo, kimoja kesho, homa ikipungua wanaviweka akiba kabatini. Walipofika hospitali, damu yao haikuotesha kitu. Vijidudu vilikuwa vimejeruhiwa kiasi cha kujificha bila kufa. Hilda peke yake ndiye aliyemkimbiza mwanawe hospitali moja kwa moja, na katika damu ya Calvin ndimo kijidudu kilimoota. Ilikuwa homa ya matumbo.

Likizo ile Oliva alikuwa akijifunza kazi katika maabara ya hospitali ya misheni, chini ya Mzee Otto, mtu mpole aliyevaa miwani mbili kwa zamu na kusahau moja kichwani. Mwaka wake wa pili wa udaktari ulikuwa umeisha, na katika masomo yote hakuna lililomteka kama somo la vijidudu. Alipenda wazo kwamba nyuma ya kila kilio kuna kitu chenye jina, kitu unachoweza kukipanda kwenye sahani ya kioo usiku ukakikuta kimeota asubuhi. Mwalimu wao alikuwa ametaja darasani watu wanaoitwa wachukuzi: waliopata homa ya matumbo zamani, au hata hawakujua kwamba waliipata, wakapona, wakanenepa, lakini kijidudu kikabaki ndani yao kama mpangaji asiyehama. Alitaja jambo hilo kwa dakika chache kisha akapita. Oliva hakupita nalo. Alipima maji ya kisima, hayakuwa na kitu. Zikabaki sufuria, na waliosimama nyuma ya sufuria.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi alipofungua kabati la joto na kuzitoa sahani. Nyingi zilikuwa na vidoa vya waridi, wale wenyeji wa kawaida wa tumbo la kila mwanadamu. Sahani moja ilikuwa na vidoa vilivyopauka, na katikati ya kila kimoja nukta nyeusi. Oliva akaruka pale alipokuwa.

"Mzee Otto! Nimempata!"

Alikuwa na furaha ya kweli, wala hapana haja ya kuificha. Ni furaha ya mtu aliyeona kwa macho yake jambo alilolisoma kitabuni. Ndipo akaigeuza sahani asome jina alilokuwa ameliandika nyuma kwa mkono wake mwenyewe. Akalisoma. Akaiweka mezani taratibu, akaifunika.

Mzee Otto alikuja mezani. Alichota kidoa kimoja, akakikoroga katika tone la maji juu ya kioo mpaka likawa jeupe, akaongeza tone la seramu inayokigandisha kijidudu cha homa ya matumbo, kisha akakiinamisha kioo huku na huku chini ya taa. Oliva alikuwa akiomba. Hakuwahi kuomba jaribio lishindwe tangu azaliwe. Ule weupe ukakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu.

"Ni nani?" Mzee Otto aliuliza.

"Shangazi."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Lazima nimwarifu Bwana Afya, mwanangu. Ni sheria, na watoto ni wengi. Atakwenda Jumatatu. Ukitaka asikie kwako kwanza, nenda ukamwambie."

Kumwambia Kunegunda kwamba asipike ni sawa na kumwambia padre asisalishe. Alikuwa mpishi wa mgahawa wa chama cha ushirika mpaka mgahawa ulipofungwa na wafanyakazi kupunguzwa; tangu hapo alikuwa akiuza togwa karibu na soko, na kwa togwa hiyo Oliva alivaa viatu vya shule. Lakini biashara ilikuwa kitu kidogo katika maisha yake. Kubwa lilikuwa hili: penye msiba, Kunegunda alikuwako na sufuria, penye mzazi, alikuwako na uji, penye mgonjwa, alitokea mlangoni na jagi lililofunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyekumbuka kumwona akienda kwa mtu bila kitu mkononi. Na usafi wake ulikuwa wa kuudhi. Alisugua vyombo kwa majivu kisha kwa sabuni, akakata kucha kila Jumamosi, akamgombeza kila aliyeingia jikoni kwake na viatu.

Tatizo lilikuwa kidole. Togwa hupikwa kwanza kama uji wa mahindi, ikaachwa ipoe, ndipo hutiwa kimea cha ulezi. Uji ukiwa wa moto mno kimea hufa, ukipoa mno togwa hukataa kuwa tamu. Wengine hukisia. Kunegunda alichovya kidole, akanyamaza kama anayesikiliza, akasema "bado" au "leteni," na hakukosea hata siku moja. Baada ya hapo sufuria hairudi tena motoni. Togwa inayolala usiku huchachuka, na ule ukali huvisumbua vijidudu. Ya kipaimara ilinywewa siku ileile, ingali tamu na vuguvugu, na watoto waliigombania.

Jumamosi mchana Oliva alimkuta shangazi yake uani, akipepeta kimea kwenye ungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Mbona uso huo? Mavi yangu yamekushinda?"

Oliva akavuta kigoda. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na akaona heri ayaseme kama yalivyosemwa darasani, kwa kuwa maneno ya darasani hayana jina la mtu.

"Shangazi, kuna watu wanaoitwa wachukuzi. Hawaumwi. Wanakula vizuri, wanafanya kazi, wanalala. Lakini ndani yao kuna kitu kinachoishi. Wao wenyewe hawakijui. Kinatoka kwao na kuwaingia wengine, hasa watoto, na wale wengine ndio wanaougua."

Ungo ulisimama. "Kinawaingiaje?"

"Kwa chakula. Kwa mkono unaoandaa chakula."

"Na mwenyewe haumwi."

"Haumwi."

"Wanaugua wa karibu yake. Wale anaowalisha."

"Ndiyo, shangazi."

Kunegunda aliuweka ungo chini. Macho yake yalikuwa kwenye kimea, wala hakumtazama Oliva. "Haya ndiyo mliyokwenda kusoma Dar es Salaam? Lusewa waliyajua bila kwenda chuo."

Oliva alikuwa akijua kidogo tu kuhusu Lusewa. Alijua kwamba shangazi yake aliolewa huko na mtu aitwaye Rupert, mkulima wa tumbaku. Kwamba Rupert alikufa kwa homa, na mtoto wao Adela akafuata msimu uleule wa mvua. Kwamba ndugu wa mume walisema maneno, naye akarudi Songea na sanduku moja. Baba yake Oliva, mdogo wake Kunegunda, alimpa dada yake binti yake amlee ili nyumba isiwe kimya. Ndivyo Oliva alivyofika Matarawe. Zaidi ya hapo hapakuulizwa.

"Walimleta mganga wa kunyoa," Kunegunda alisema. "Unajua kunyolewa?"

"Nimesikia."

"Wanakuketisha uwanjani, kijiji kizima kinatazama. Wanakunyoa nywele zote, wanakunywesha dawa, wanasema sasa kile kitu chako kimekwisha nguvu, hutaua tena. Ndugu zangu walitaka kwenda polisi. Mimi nikawaambia acheni, ninyolewe. Maana nilijijua. Nilijua sina kitu, mama. Mtu asiye na kitu ananyolewa nywele tu, na nywele huota." Alishika mbavu zake upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. "Kiko wapi?"

"Shangazi—"

"Nakuuliza kiko wapi."

"Kwenye kifuko cha nyongo. Hapa."

"Wao walisema tumboni. Hawakukosea sana."

"Walikosea!" Oliva alisema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Walisema wewe unataka. Walisema una nia. Huyu ni mdudu, shangazi, hana nia, wala hakujui wewe ni nani. Angeweza kuwa kwangu, kwa Mama Calvin, kwa Mzee Tadei. Ulimpata mahali kama mtu anavyopata mafua."

"Rupert nilimpikia mimi." Kunegunda alisema polepole. "Adela alikuwa hawezi kukaa. Nilikaa nyuma yake, nikamwegemeza kifuani, nikamnywesha togwa kwa mkono huu, kidogo kidogo, nikidhani namrudishia nguvu. Ni huyu mdudu?"

Hapo ndipo Oliva alipoelewa jinsi alivyokuwa na haraka tangu siku ya vikopo. Alitafuta mchukuzi kama mtu anayewinda, akamkuta, akaruka kwa furaha mbele ya kabati la joto. Na windo lenyewe lilikuwa mwanamke huyu, na jibu la swali hili lilikuwa ndani ya windo hilo tangu mwanzo. Angeweza kusema hapana. Neno hilo lilikuwa karibu kabisa na ulimi wake.

"Sijui," alisema. "Hakuna aliyewapima."

"Lakini yawezekana."

"Yawezekana, shangazi."

Kunegunda akainuka, akaenda kwenye ndoo, akanawa mikono. Akaipaka sabuni tena, akanawa tena. Akachukua majivu. Alipoanza kusugua mara nyingine Oliva alimfuata, akaichukua mikono ile iliyojaa povu na majivu, akaishika asiiachie. Kunegunda alijaribu kuivuta.

"Niache. Usinishike."

"Sikuachi."

"Hivi mimi si nakuua?"

"Hapana. Kwa kushikana haingii."

Oliva alikumbuka alipokuwa darasa la pili, akaugua mpaka nywele zikanyonyoka, na shangazi huyu akambeba mgongoni asubuhi na jioni kumpeleka sindano. Alikumbuka alichokuwa akinyweshwa kila aliporudi. Akaliweka jambo hilo mahali ambapo halingetoka kamwe, akaendelea kuishika mikono ya shangazi yake mpaka ikatulia. Kisha akalia yeye, na kwa mazoea ya miaka Kunegunda akaanza kumbembeleza.

"Dawa ipo?" aliuliza baadaye, wakiwa wameketi wameegemea ukuta.

"Ipo. Ni ya muda mrefu, na kuna wakati inashindwa. Ikishindwa, madaktari wanaweza kukitoa kifuko chenyewe."

"Na kupika?"

"Usipike kwanza. Mpaka tupime tena na tena, tuone kimetoka."

Kunegunda aliusogeza ungo wa kimea kando. "Bwana Afya atakuja na gari?"

"Labda pikipiki."

"Watamwona. Watauliza. Halafu watasema Lusewa, Lusewa, kama zamani." Akajifuta uso kwa kanga. "Kesho nitawaambia mwenyewe."

Jumapili baada ya misa ya kwanza, jumuiya ilikutana kwa Mzee Tadei. Oliva alikuwa amekesha akitafuta maneno mepesi ya kueleza nyongo na kijidudu, na ilipofika nafasi ya mengineyo akaanza kuinuka. Shangazi yake akamvuta gauni.

"Kaa. Ukisema wewe, umenishtaki."

Akasimama mwenyewe, ameshika kiti cha mbele yake. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Mjukuu wa Mzee Tadei aliugua. Calvin aliugua. Watoto wa Paskalina wote wawili waliugua. Nimepimwa hospitali, nimekutwa na mdudu wa homa ya matumbo. Mimi siumwi naye, lakini anatoka kwangu. Ile togwa niliikoroga mimi, na kidole nilichovya mimi. Sikujua. Nimejua jana. Kesho Bwana Afya atakuja kunikataza kupika, nami nimeona msisikie kwake." Akainua uso. "Lusewa walininyoa kwa maneno yanayofanana na haya. Wengine wenu mlishasikia, mkanyamaza kwa wema. Asanteni. Sasa nimesema."

Akaketi. Kuku mmoja alipita katikati ya viti, na hakuna aliyemfukuza. Oliva akasimama, akaeleza alichoweza: kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, kwamba watoto wote wanapona, kwamba si kosa la mtu. Sauti yake ilikuwa ya darasani tena, na aliona inavyoanguka chini kabla ya kufika kwa watu. Paskalina alimnong'oneza wa pembeni yake, na yule wa pembeni akasogeza kiti kidogo, kidogo tu. Mzee Tadei alikohoa, akasema jambo hili ni zito, tulikabidhi kwa Mungu, akaanza Salamu Maria haraka kuliko kawaida. Mwisho wa sala watu waliagana bila kukawia. Siku nyingine wangebaki wakiulizana nani ana nini jikoni.

Uwanja ukabaki na Oliva, shangazi yake, na Hilda ambaye hakuwa ameinuka.

"Calvin alipolazwa ulikuja kila siku," Hilda alisema.

"Nilikuja."

"Ulimletea togwa wodini."

"Nilileta." Kunegunda hakuinua uso. "Siku mbili. Halafu wauguzi wakakataza vyakula vya nyumbani."

"Ulikuwa hujui?"

"Sikujua, Mama Calvin."

Hilda alimtazama, na machoni mwake mlikuwa na hasira, hilo Oliva aliliona wazi. Mama aliyemshikilia mtoto anayeweweseka hawezi kukosa hasira ya kumpa mtu. Hilda alifunga kanga yake upya, akaifungua, akaifunga tena.

"Tangu atoke wodini jana ananiuliza, Bibi Kunegunda mbona haji? Nikamwambia ana kazi." Akainuka. "Twende. Njoo umwone."

Kunegunda akainuka nusu, akasimama hivyo. "Nije na nini sasa? Sina cha kuleta."

"Usilete kitu. Njoo tu."

Hilda alitangulia. Kunegunda akamfuata kwenye njia ya kwenda kwao, akipita mbele ya milango ya watu siku ya Jumapili, bila jagi wala kitambaa cheupe. Hatua za kwanza mikono ilimsumbua. Aliikunja kifuani, akaishusha, akaificha ndani ya kanga. Walipofika kwenye kona aliitoa nje, akaiacha ining'inie tu, naye akaendelea kutembea.